Mega moja, karakana tano: mwongozo kamili wa kupima mota kwa kushirikiana

Mota ya kilowati 15 ya poli nne ni ile ile popote uikutapo. Inazungusha kinu cha mahindi, inasukuma maji mlimani, inaendesha kompresa ya chumba cha samaki, inavuta msumeno wa mbao. Kwa vipimo vya IEC (tume ya kimataifa ya viwango vya umeme) bodi yake ni saizi 160, maana yake kutoka kwenye miguu hadi katikati ya shafti ni milimita 160. Shafti ina kipenyo cha milimita 42, na beringi ya upande wa puli mara nyingi ni 6309.

Ikigoma, kila mwenye nayo hulia peke yake. Mwenye kinu humwita fundi mwenye multimita. Fundi hupima, hutikisa kichwa, husema koili zimeungua. Mota inafunguliwa na kupelekwa kuwaindiwa, yaani kuzungushiwa koili upya. Wiki moja baadaye iliyowaindiwa nayo inaungua, kwa sababu kosa lilikuwa skrubu iliyolegea kwenye kontakta (swichi inayowasha mota) na mota ikawa inakimbia kwa njia (fezi) mbili badala ya tatu. Mega, ambayo hupima insulesheni (kizuizi cha umeme kwenye koili) na ingesema dakika ile ile kwamba ilikuwa nzima, ilikuwepo mjini. Ilikuwa kabatini kwa watu wa maji, betri zimevuja.

Mwongozo huu ni wa karakana nne hadi sita za fani mbalimbali zinazotaka kumiliki vipimo kwa pamoja, kupima kwa namna moja, na kusoma matokeo mezani pamoja. Vikundi vingi huanza kwa kuchanga fedha na kununua. Kisha vifaa vinazunguka, kila mtu anapima anavyojua, na baada ya mwaka kuna namba mia mbili zisizoweza kulinganishwa. Kununua ni hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Chagua wenzako, na wasiwe washindani

Vinu vitatu vya mtaa mmoja havitashirikiana kwa muda mrefu. Ampea za mota zinasema mashine inabeba mzigo kiasi gani, na hakuna anayetaka jirani ajue anasaga magunia mangapi. Kinu, kiwanda cha barafu, idara ya maji, karakana ya mbao na hospitali hawana cha kufichana. Tena majira yao hayagongani: kinu hakishikiki msimu wa mavuno, barafu haishikiki siku za giza wavuvi wa mtando wanapokuwa baharini. Mbalamwezi ikianza kung'aa kiwanda cha barafu kinapumua, na hapo ndipo mota zake zipimwe.

Wawili wasikosekane. Wa kwanza ni fundi wa umeme mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, kwa sababu paneli za watu zitafunguliwa. Wa pili ni fundi wa kuwaindi. Wengi humwacha nje kwa kudhani atatetea kazi yake. Mwalikeni: yeye ndiye anayeona ndani ya mota baada ya kufa, na bila yeye hamtajua kama utabiri wenu ulikuwa sahihi.

Vifaa vikae mahali pasipo na upande. Chuo cha ufundi ni chaguo zuri, kwa kuwa kina kabati, kina mtunza stoo, na wanafunzi watafaidika.

Hatua ya 2: Kadi moja kwa kila mota

Kabla ya kununua hata waya, kaeni mkubaliane kadi. Upande wa mbele unaandikwa mara moja tu: msimbo wa mota (K-03, B-01, jina la mwenye mota lisiwepo), kilowati, volti, ampea na mizunguko kwa dakika kama kibao kinavyosema, koili zimeungwa star au delta, namba za beringi zote mbili, aina ya stata (kiwashio cha mota), na tarehe iliyowaindiwa mara ya mwisho.

Upande wa nyuma ni wa vipimo. Kila mstari uwe na tarehe na saa, namba ya kifaa kilichotumika, jina la aliyepima, joto la bodi ya mota, hali ya mzigo (tupu, nusu, umejaa), na mahali hasa palipopimwa. Hilo la mwisho ndilo linaloleta ugomvi.

Tazama mfano. Mota ya kilowati 15 kwa volti 400 hula ampea 28 hivi ikibeba mzigo kamili. Yuko anayepima kwenye waya za kuingia kwenye stata anapata 28. Mwenzake, mwenye mota na stata ya star-delta za aina ile ile, anaweka klampu kwenye mojawapo ya waya sita zinazotoka kwenye stata kwenda kwenye mota anapata 16. Atasema mota yake inapumzika. Haipumziki. Ndani ya delta mkondo wa kila waya ni asilimia 58 ya mkondo wa njia, kwa hiyo wote wawili wanabeba mzigo ule ule. Ndiyo maana pia ovalodi (kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa) iliyofungwa kwenye waya hizo sita huwekwa 0.58 ya ampea za kibao. Anayeiweka kwenye 28 ameondoa sehemu kubwa ya ulinzi bila kujua.

Hatua ya 3: Vifaa, kwa mpangilio wa kununua

Anza na hivi vinne:

1. Mega yenye volti 250, 500 na 1000. Kwa mota za volti 400 hadi 415 mtatumia 500 karibu siku zote.
2. Klampu mita ya true RMS, hata kama kwa sasa hakuna mwenye draivu ya kubadili spidi. Mita ya kawaida hudanganya mara mawimbi ya umeme yanapoharibika, na draivu zinaingia kila mahali. Iwe imeandikwa CAT III 600 V (daraja la usalama wa mita) au zaidi.
3. Mita ya omu ndogo, ya waya nne. Koili za mota ya kilowati 15 zina chini ya omu moja, na multimita ya kawaida hapo inasoma waya zake yenyewe.
4. Mita ya mtetemo ya mkononi inayosoma milimita kwa sekunde, yenye sumaku.

Kamera ya joto ije mwisho. Ni kifaa kinachovutia macho na kila mtu hukitaka kwanza, lakini klampu mita na kipimajoto cha kawaida vitakuonyesha sehemu kubwa ya yale yale.

Nunueni jozi mbili za waya za kupimia kwa kila kifaa. Kinachokufa kwanza ni waya, hasa pale unapopindia kwenye plagi.

Hatua ya 4: Pimeni vipima

Kifaa kinachopita mikononi mwa watu watano kitaanguka, kitaloa, na hakuna atakayesema. Kwa hiyo ndani ya sanduku kuwe na vitu vya kukikagulia kabla hakijatoka na mara kinaporudi.

Kwa mega, wekeni rezista ya megaomu 10, yenye usahihi wa asilimia 1 na inayostahimili volti 1000 au zaidi. Ukipima kwa volti 500 lazima isome kati ya 9.5 na 10.5, au ndani ya usahihi ulioandikwa kwenye kitabu cha kifaa. Gusanisha pia ncha mbili: isome sifuri.

Kwa klampu mita, zungusha waya laini mara kumi, uufunge kwa tepu, upitishe humo njia moja tu ya waya wa birika la umeme. Birika la wati 2000 kwa volti 230 linavuta ampea 8.7 hivi. Klampu ikikumbata mizunguko yote kumi isome karibu na 87. Kwa kuwa volti za ukutani hubadilika, pima mkondo wa birika kwa multimita iliyoungwa moja kwa moja kwenye njia hiyo, uzidishe kwa kumi, ndipo ulinganishe.

Kwa kamera ya joto, chukua bakuli la barafu iliyopondwa na maji, koroga dakika mbili: isome sifuri, ikikosea isizidi nyuzi 2. Mita ya mtetemo haina njia rahisi namna hii. Chagueni mashine moja tulivu chuoni, feni au pampu isiyobadilika mzigo, mpige alama ya rangi kwenye beringi yake, na hapo ndipo mita ikaguliwe kila mara.

Mara moja kwa mwaka mega na klampu mita ziende kwenye ugezi, yaani kalibresheni, kwenye maabara ya shirika la viwango la nchi yako: TBS, KEBS au UNBS. Kama fedha haitoshi kupeleka vyote, pelekeni kimoja cha kila aina na vingine mvilinganishe nacho siku kinaporudi.

Hatua ya 5: Siku yenyewe ya kupima

Mpangilio una maana yake. Vipimo vya mashine ikizunguka vije kwanza, kisha simamisha na upime vya mashine ikiwa imezimwa wakati koili bado zina joto. Unasimamisha kazi ya mwenyeji mara moja tu, na koili yenye joto haina umande. Ukanda wa pwani hili ni kubwa: mota iliyolala usiku kucha Tanga au Mombasa huamka na unyevu juu ya koili, na mega itakupa namba ya kutisha isiyo na maana.

*Volti.* Pima kati ya njia na njia, mara tatu. Jumlisha, gawa kwa tatu, tafuta iliyo mbali zaidi na wastani. Tuseme umepata 402, 396 na 387. Wastani ni 395; iliyo mbali zaidi ni 387, tofauti 8. Nane gawa kwa 395 ni asilimia 2. Inaonekana ndogo, lakini mkondo hupishana mara sita hadi kumi ya volti zinavyopishana, kwa hiyo tarajia ampea zipishane kwa asilimia 12 hadi 20, na njia moja ya mota ichemke kuliko nyingine. Lengo liwe chini ya asilimia 1. Ikipita 5, usiiendeshe mota.

*Ampea.* Klampu ikumbate waya mmoja. Ukikumbata zote tatu pamoja utapata sifuri au karibu yake, na mtu mmoja katika kila kikundi atafanya hivyo. Kama njia zinapishana, usiseme bado ni mota. Zima, funga, kisha hamisha waya zote tatu za kuingia hatua moja: iliyokuwa ya kwanza iwe ya pili, ya pili iwe ya tatu, ya tatu iwe ya kwanza. Mota itazunguka upande ule ule. Washa, pima tena. Ampea kubwa ikibaki kwenye waya ule ule wa umeme unaoingia, kosa liko kwenye umeme, fyuzi, kontakta au trasfoma. Ikihama pamoja na mguu wa mota, kosa liko ndani ya mota. Dakika ishirini za kazi hii zimeokoa mota nyingi zisipelekwe kuwaindiwa bure.

*Mtetemo.* Weka mita kwenye nyumba ya beringi, kamwe si kwenye kifuniko cha feni, ambacho ni bati na hupiga kelele zake. Pima mlalo, wima, na kwa urefu wa shafti, mbele na nyuma: namba sita. Paka alama ya rangi kila ulipoweka mita, kwa sababu mwezi ujao atapima mtu mwingine. Kwa mota zisizozidi kilowati 15, viwango vya ISO 10816-1, ambavyo mwaka 2016 nafasi yake ilichukuliwa na ISO 20816-1, vilisema hadi 1.8 mm/s ni salama kuendelea, kati ya 1.8 na 4.5 panga matengenezo, na juu ya 4.5 inaharibika ukiitazama. Kwa kilowati 15 hadi 75 mipaka hiyo inapanda hadi 2.8 na 7.1.

Namba ikiwa juu kwa mlalo, shuku mzigo usio na mizani, kama nyundo za kinu zilizolika upande mmoja au puli iliyobanduka kipande. Ikiwa juu kwa urefu wa shafti, shuku kaplingi isiyonyooka au shafti iliyopinda. Ikiwa juu kwa wima, tazama miguu: simamisha mashine, weka kipimo cha saa (dial gauge, chenye mshale unaoonyesha mwendo mdogo) juu ya mguu, legeza bolti. Mguu ukiinuka zaidi ya milimita 0.05, chini yake kuna nafasi na unapoukaza unaikunja bodi ya mota. Jaza kwa shimu (vibati vyembamba), usikaze zaidi.

*Joto.* Kontakta, fyuzi na viungo vya waya vipigwe picha mzigo ukiwa angalau asilimia 40, baada ya nusu saa ya kazi. Linganisha njia na njia. Ukiona njia moja imezidi wenzake kwa nyuzi zaidi ya 15 na mzigo ni sawa, hiyo si ya kuandika tu kwenye kadi, ni ya kutengeneza siku hiyo. Shaba inayong'aa hudanganya kamera kama kioo. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme wakati umezimwa, kisha upige picha ya tepu. Paneli ikiwa hai, aiguse mwenye leseni peke yake.

*Sasa zima.* Swichi kuu ifungwe kwa kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwa anayepima, kibao kining'inie. Kisha hakikisha umeme haupo kwa hatua tatu: jaribu mita yako mahali unapojua pana umeme, jaribu kwenye mota, rudi ujaribu tena pale penye umeme. Mita iliyokufa katikati ya kazi inasema "hakuna umeme" kwa sauti ile ile ya mita nzima.

*Insulesheni.* Hapa ndipo vitu vya thamani vinapoungua, kwa hiyo taratibu. Tenganisha draivu, soft stata (kiwashio cha taratibu cha elektroniki), kapasita na waya za sensa ya joto iliyo ndani ya koili. Volti 500 za mega zikipita kwenye draivu, draivu imekwenda. Kwangua rangi kidogo kwenye bodi ushike chuma kitupu. Ncha moja hapo, nyingine kwenye terminali ya mota. Bonyeza kwa sekunde 60, andika namba ya sekunde ya 30 na ya 60. Insulesheni kavu na safi hupanda kadiri muda unavyokwenda. Inayosimama palepale ina unyevu au uchafu. Ukimaliza, acha mota ijitoe chaji kwa muda usiopungua mara nne ya ule uliopimia, ndipo uguse.

Kisha joto. Insulesheni hupungua nusu kila joto linapopanda nyuzi 10, kwa hiyo namba zote ziletwe kwenye nyuzi 40 kabla ya kulinganishwa. Mota ya kinu imesoma megaomu 40 ikiwa na nyuzi 30. Ya barafu imesoma 5 ikiwa na nyuzi 70. Ukizitazama hivi hivi utasema ya barafu inakufa. Ya kwanza ukiipeleka nyuzi 40 inakuwa 20. Ya pili inashuka nyuzi 30, yaani inaongezeka maradufu mara tatu: 10, 20, 40. Ya barafu ndiyo bora.

Kwa mota za kawaida zilizo chini ya volti 1000, kiwango cha IEEE 43 kinataka usipungue megaomu 5 kwenye nyuzi 40. Chini ya hapo usiwashe. Ikaushe kwa hewa ya moto isiyozidi nyuzi 80, vifuniko wazi, ukipima kila saa. Namba itashuka kwanza, kwa sababu koili inapata joto, kisha itapanda unyevu unapotoka. Wengi hukata tamaa kwenye ule mteremko wa kwanza.

*Omu za koili.* Toa vipande vya kuunganishia, pima U1–U2, V1–V2, W1–W2. Ukipata 0.75, 0.74 na 0.69, koili ya tatu ina mizunguko iliyogusana, hata kama mega ilitoa namba nzuri. Mega hupima kati ya koili na bodi; haioni ndani ya koili. Tofauti ikizidi asilimia 3, rudia kwa ncha zilizosafishwa, kisha uiamini.

Mitego ya kila fani

Hapa ndipo wenzako wa fani nyingine wanapokufundisha, kwa sababu kipimo kimoja hakiendi sawa kila mahali.

Kompresa za barafu zilizofungwa kabisa, ambazo mota yake imo ndani ya gesi na mafuta, zina mambo mawili. Usiipige mega kamwe ikiwa imevutwa vakyumu, kwa sababu hewa ikipungua umeme huruka kirahisi na utaunguza koili iliyokuwa nzima. Tena gesi iliyoyeyuka kwenye mafuta hushusha namba yenyewe. Fuata kitabu cha mtengenezaji, si ile megaomu 5. Ukipata namba ndogo, endesha kompresa dakika chache kama inaendesheka, kisha upime tena.

Pampu ya kisimani inapimwa ikiwa na mamia ya mita za waya ndani ya maji, kwa hiyo unapima waya na viungo pamoja na mota. Kwa nyingi, megaomu 2 ukiwa juu ya kisima ni jambo la kawaida, na chini ya 0.5 ndipo uanze kupanga kuivuta. Mtu wa kinu akiona 2 atashtuka. Mtu wa maji akiona 2 kwenye mota kavu ya kinu asiseme "mbona nzuri".

Kinuni na kwenye mbao adui ni vumbi. Unga na machujo huziba mapezi ya kupoza, mota ikachemka bila kuzidiwa. Puliza kwanza, subiri saa moja, ndipo upime joto. Usipofanya hivyo kadi itasema kuna kosa la umeme.

Hospitalini zipimwe mota za dobi, pampu na feni. Mashine yoyote inayogusa mgonjwa ina vipimo vyake na vifaa vyake, na sanduku hili lisiisogelee. Kabla ya kuzima swichi yoyote, mhandisi wa hospitali aonyeshe kwa kidole swichi hiyo inalisha nini.

Hatua ya 6: Kukaa mezani

Kila miezi mitatu, saa mbili, kadi zote zikiwa mezani. Tafuteni mambo mawili.

La kwanza ni mwendo. Megaomu 80, kisha 45, kisha 20 katika robo tatu mfululizo ni mota inayokwenda kufa, ingawa 20 yenyewe ni namba nzuri. Mwenzake wa aina ile ile aliyekaa 25 mwaka mzima hana shida yoyote.

La pili ni kufanana kati ya fani, na hili hakuna karakana moja inayoweza kuliona peke yake. Mkiona volti zinapishana kwa wanachama watatu, pimeni wote kwa saa zile zile, tuseme saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni, kwa siku saba. Linganisheni asilimia, msilinganishe majina ya njia. Njia nyekundu ya kwako si lazima iwe nyekundu ya jirani, kwani kila fundi alifunga alivyoona. Asilimia zikipanda na kushuka pamoja kwa wote wanaotumia trasfoma moja, kosa haliko kwa yeyote kati yenu. Nendeni shirika la umeme kwa pamoja mkiwa na karatasi moja yenye vipimo 63: watu watatu, saa tatu, siku saba. Malalamiko ya mtu mmoja hujibiwa kwa "angalia waya zako". Karatasi hiyo ni ngumu kuijibu hivyo.

Mezani pia mtagundua mnatumia beringi zile zile. Wekeni stoo moja ya 6309 na 6209, badala ya kila mtu kuweka zake kabatini zikae miaka. Andikeni na aina ya grisi: ya lithiamu na ya polyurea zikichanganywa mara nyingi hulainika na kumwagika, na beringi hubaki kavu.

Fedha, dhamana, na kifaa kilichoanguka

Mchango uwe wa sehemu mbili: kiasi sawa kwa wote cha kununua na ugezi, na kiasi kidogo kwa kila siku ya kutumia kwa ajili ya betri na waya. Kifaa kikae kwa mtu saa 48, si zaidi, isipokuwa kwa makubaliano. Anayekichukua asaini baada ya ukaguzi wa hatua ya 4, na anayekirudisha vivyo hivyo. Kikikosea kurudini, aliyekuwa nacho ndiye anayelipa, bila mjadala wa nani alikiangusha. Betri zitolewe kila kinaporudi. Aliyechanga zaidi asipewe haki ya kukaa nacho, maana hapo ndipo vikundi vingi vinavunjika.

Mota inaporudi kutoka kuwaindiwa

Fundi wa kuwaindi na mwenye mota wapime pamoja, karakanani kwa fundi, kabla malipo hayajakamilika. Insulesheni kwa volti 500, iliyoletwa kwenye nyuzi 40. Kwa mota kavu mpya namba ndogo kuliko 100 iulizwe. Omu za koili tatu, zisipishane zaidi ya asilimia 3. Kisha iendeshwe tupu kwa nusu saa: ampea zake kwa mota ya poli nne ya saizi hii huwa kati ya asilimia 30 na 50 za kibao, na njia zote zilingane kadiri volti zinavyolingana. Ikila asilimia 70 ikiwa tupu, idadi ya mizunguko ya koili imepungua au waya zimeunganishwa vibaya, na itachemka siku ya kwanza ya kazi. Pimeni mtetemo, gusa beringi, andikeni vyote kwenye mstari mpya wa kadi, wote wawili msaini. Beringi za zamani na kipande cha koili iliyoungua fundi avirudishe kwenye mfuko wenye msimbo wa mota, vifike mezani kikao kijacho.